Juu ya Kutohukumu Imani ya Mwingine
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa Chama)



Tumeombwa na Halmashauri tuseme maneno machache juu ya dini. Wako waliotuonya tuchague habari nyingine, mathalan mishahara au likizo, kwa kuwa dini, wasema, ni kaa la moto katika mkutano. Sisi twaona kinyume. Chama hiki kina Waislamu na Wakristo waandikao meza moja, na wamo wazee wetu wasioingia msikitini wala kanisani. Tusipoweza kuisema habari hii hapa kwa adabu, itasemwa barazani pasipo adabu.

Wala si jambo geni katika vyama vya namna hii. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali katika Tanganyika kiliundwa Tanga mwaka 1922, na rais wake alikuwa Martin Kayamba, Mkristo aliyesoma Kiungani, Unguja. Mji wa Tanga ulikuwa mji wa Waislamu wengi, na chama kikawakusanya watu wa dini zote mbili.

Lakini turudi nyuma zaidi, kwa maana pwani yetu ina mfano ulio bora. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Unguja. Seyyid Said, mtawala Mwislamu, alijua vema mgeni huyu amekuja kuhubiri nini. Hata hivyo akampa barua ya kuwaagiza maliwali wake wamtendee mema. Mwaka ule ule, huko Mombasa, Krapf alianza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Miaka ishirini baadaye akaja Unguja Edward Steere, ambaye mwaka 1874 alifanywa Askofu. Sheikh Abdul Aziz al-Amawy, mwanachuoni aliyezaliwa Barawa, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Kazi ile haikufika mbali, kwa kuwa Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na tena Kiswahili chake kilikuwa cha kitaalamu mno kwa watu wa kawaida. (Makarani wanaopenda maneno mazito katika barua zao na watafakari hapo.)

Watu hawa hawakuwa vuguvugu. Krapf aliandika maneno makali juu ya Uislamu, na Sheikh Abdul Aziz alikuwa hodari wa kujadiliana na wamisionari. Basi tusidhaniwe kwamba twasema dini zote ni moja. Mwislamu asema Nabii Isa hakusulubiwa. Mkristo asema Yesu alikufa msalabani. Maneno haya mawili hayapatanishwi kwa kucheka pamoja wakati wa chai. Mtu aweza kumwambia mwenziwe usoni, “Katika hili naona umekosea,” na bado akamwazima kamusi. Kujadiliana si kuhukumu.

Kuhukumu, basi, ni nini? Sisi makarani twaweza kulijua kuliko watu wengine. Barua ikifika ofisini, karani huipiga muhuri wa tarehe, huiandika kitabuni, huitia katika jalada lake, na kuipeleka kwa mwenye mamlaka. Aweza kuwa na maoni yake, na pengine maoni hayo ni ya haki. Lakini karani atakayeandika “Imekataliwa” kwa wino wake mwenyewe ataondolewa kazini, hata kama mkubwa wake naye angaliikataa barua ile, kwa sababu ametwaa kiti kisicho chake. Dini zetu mbili zote zafundisha kwamba iko Siku ya Hukumu na kwamba Mwenye kuhukumu ni Mungu. Asemaye, “Fulani ni wa motoni,” amekwisha kuandika juu ya jalada la mtu na kutia sahihi ya Mwingine.

Matendo ni mbali. Mwizi wa fedha za Serikali ahukumiwe kwa sheria, awe na tasbihi mkononi au msalaba kifuani. Sisi twasema habari ya imani, na ya yale tuyakisiayo juu ya mtu kwa sababu ya imani yake. Afungaye Ramadhani akisinzia saa nane huitwa mvivu. Asiyefunga akisinzia saa ile ile huambiwa amechoka. Mkristo akikawia Jumatatu, hudhaniwa alilewa. Twajua ofisi moja ambako nafasi ya karani mkuu ilipokuwa wazi, neno la kwanza lililoulizwa lilikuwa, “Husali wapi?” Hesabu zake na mwandiko wake viliulizwa baadaye.

Mambo haya madogo huweza kumwaga damu. Katika sehemu nyingi za Tanzania ni desturi ya siku nyingi Mwislamu achinje, ili watu wote wapate kula. Mwezi wa Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, palizuka ugomvi juu ya uchinjaji, na mchungaji mmoja akauawa. Twadhani nyama ilikuwa sehemu ndogo ya jambo lile. Mwislamu ataka kujua kwamba nyama aliyo nayo ni halali kwake, wala haombi zaidi. Lakini Mkristo akiambiwa asichinje, aweza kusikia kwamba mkono wake ni najisi. Na Mkristo akitaka kuchinja mwenyewe, Mwislamu aweza kusikia kwamba adhihakiwa. Kila upande husikia hukumu, pengine pale ambapo haikutolewa, kwa kuwa umezoea kuhukumiwa.

Wako wanaosema dawa ni kunyamaza. Tangu sensa ya 1967, Tanzania haikuuliza tena dini ya mtu katika kuhesabu watu. Na mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walidai swali lile lirudishwe, hata wengine wakakataa kuhesabiwa. Sisi twaona Serikali ilikuwa na sababu njema ya kuliacha swali. Lakini nafasi iliyoachwa tupu katika fomu haimfundishi mtu kumheshimu jirani yake. Kazi hiyo ni yetu.

Tumebakiza wazee wetu, na hapa twasema hasa na wenzetu tuliosoma katika shule za misioni, pamoja na wale waliosoma chuoni. Katika jambo moja twapatana upesi mno: kumwita “mshenzi” mzee amwagaye unga na pombe kaburini kwa baba yake. Krapf na mwenziwe Rebmann walipohamia Rabai mwaka 1846, waliowapa mahali pa kukaa walikuwa wazee wa kaya, wasio na msahafu wala Biblia. Hawakuwataka kwanza waache imani yao. Na misitu ile mitakatifu ya makaya ya Wamijikenda, ambayo wengi waliiita makao ya mashetani, mwaka 2008 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Mzee wa kaya hakuhitaji hati ile ili ajue thamani ya msitu wake. Sisi wasomi ndio tulioihitaji.

Bwana Mwenyekiti, tuna maombi mawili mbele ya mkutano. La kwanza, katika karamu ya Chama ya mwaka, mchinjaji awe Mwislamu kama desturi, lakini Halmashauri iwaulize kwanza wanachama Wakristo, wala isiwatangazie tu. Na ng'ombe anunuliwe kwa fedha za wote. La pili, iandikwe orodha ya zamu, Wakristo washike kazi siku za Idi, na Waislamu siku za Krismasi na Pasaka, kila mtu kwa hiari yake. Na majina yabandikwe ubaoni mwezi mmoja kabla. Tumekwisha kuandika majina yetu katika zamu ya Idi ijayo, na karatasi iko mezani kwa Katibu.