Nini Kinachoifanya Dola Kuwa Himaya?



Nimeagizwa niseme juu ya neno "himaya". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni hifadhi. Lakini tusiridhike na jina. Tutazame mambo yenyewe, na mfano wetu uwe Rumi ya kale.

Wengi hudhani kwamba himaya haiwi himaya pasipo Kaisari. Sivyo. Rumi ilipata sehemu kubwa ya Sisilia, jimbo lake la kwanza ng'ambo ya bahari, mwaka 241 K.K.; naye Augustus, Kaisari wa kwanza, alipewa jina hilo mwaka 27 K.K. Kwa miaka 214 himaya ilikuwako, Kaisari hakuwako. Wala ukubwa wa nchi peke yake si dalili.

Dalili ni tatu. Kwanza, taifa moja hutawala mataifa mengine yenye lugha na desturi zao. Pili, sheria haziwi sawa: Mrumi alikuwa na haki asizokuwa nazo mtu wa jimboni. Tatu, mali ya majimbo huelekea makao makuu, kama ngano ya Sisilia, na baadaye ya Misri, ilivyoulisha mji wa Rumi. Na yote hayo hupita mikononi mwa watu wachache: liwali, mtoza kodi, na karani.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi. Liwali Verres aliidhulumu Sisilia tangu mwaka 73 hata 71 K.K. Wenyeji walipolalamika, Cicero alizunguka kisiwani siku 50 akikusanya ushahidi, na madaftari ya hesabu yakawa miongoni mwake. Mwaka 70 K.K. Verres alikwenda uhamishoni kesi haijaisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ni vivyo hivyo. Lakini angalieni: waamuzi wote walikuwa maseneta wa Rumi, na msemaji wa Wasisilia naye ni Mrumi.

Mwaka 212 B.K. Kaisari Caracalla aliwapa karibu watu huru wote wa himaya uraia wa Rumi. Tangu kutwaliwa Sisilia ilikuwa imepita miaka 452.

Basi, ndugu zangu, mtu akitaka kuijua himaya na aulize: anayetawaliwa ana neno gani katika sheria inayomfunga? Nasi tushikao kalamu tujiulize: daftari tuliandikalo leo, likifunguliwa kesho mbele ya waamuzi, litashuhudia nini?