Pete ya Uchumba Isinunuliwe kwa Mkopo

Leo nina neno na kijana aliyekwisha kuamua kuoa, na binti anayetarajia kuvishwa pete. Swali linalowasumbua wengi wenu ni la pesa: pete ya uchumba inunuliwe ya shilingi ngapi?

Mtaani jibu liko tayari. Utaambiwa mwanamume anayempenda kweli mchumba wake hutoa mshahara wa miezi miwili, na wengine wanasema mitatu. Hesabu hiyo wazee wetu hawakutuachia, na haimo katika Kurani wala katika Biblia. Imetoka kwa wauza almasi. Kampuni ya De Beers, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1888, kwa miongo mingi ilishika sehemu kubwa ya biashara ya almasi duniani. Mwaka 1938 ikawapa kazi watangazaji wa Marekani, N. W. Ayer, na mwaka 1947 mwandishi wao Frances Gerety akabuni msemo kwamba almasi ni ya milele. Miaka ya 1980 matangazo yakawapangia wanaume wa Marekani mshahara wa miezi miwili. Wajapani wakapangiwa mitatu. Huko Japani, kampeni ya almasi ilipoanza mwaka 1967, wachumba waliovishwa pete ya almasi hawakufika watano katika kila mia. Ilipofika mwaka 1981 walikuwa kama sitini. Miaka 14 ilitosha kuwafanya watu waamini kwamba hivyo ndivyo watu wanavyooana.

Mwaka huohuo wa 1947, mgodi wa Mwadui kule Shinyanga ulitoa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54 na nusu. Mwenye mgodi, John Williamson, akaitoa zawadi ya harusi kwa Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza. Jiwe lilitoka katika ardhi ya Wasukuma, na Wasukuma wenyewe wakaendelea kuoa kwa ng'ombe. Ndoa zao hazikupungukiwa na kitu.

Pete yenyewe naipenda. Ni heshima kumvisha binti wa watu pete mbele ya ndugu zake. Ninachokikataa ni bei yako kupangwa na mtu asiyejua unalipwa kiasi gani wala unadaiwa wapi. Mtu hujikuna ajipatapo.

Tena kwetu pete ndiyo kwanza safari inaanza. Nyuma yake iko barua ya posa, nayo haiendi mikono mitupu. Iko mahari, uko mkaja wa mama, liko blanketi la bibi, yako ya mjomba na ya shangazi. Kuna kamati ya harusi, na wewe mwenyewe utaanza kuchanga kabla hujachangiwa. Halafu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Chukua kijana wa Dar es Salaam anayelipwa laki sita kwa mwezi. Akifuata kanuni ya mishahara miwili, pete ni milioni moja na laki mbili. Chumba na sebule cha laki mbili kwa mwezi, ukilipia miezi sita, ni hizohizo milioni moja na laki mbili. Kijana huyu amemvisha mchumba nyumba nzima kidoleni, na pa kumpeleka hana.

Ndipo wengi wanapokimbilia mkopo, na mara nyingi ni ule wanaouita kausha damu. Siku ya kupiga goti kuna maua, picha na vigelegele. Marejesho hayapigwi picha. Binti atayajua akiwa ndani ya ndoa, siku mwenye pesa zake atakapogonga mlango, na deni ambalo hakulikopa atalilipa kwa kupunguza unga na mafuta ya kupikia. Hili linaniuma, kwa sababu pete aliyoionyesha kwa furaha kwa shoga zake ndiyo iliyomletea fedheha hiyo. Na uchumba huvunjika pia. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mtu kudai zawadi aliyoitoa kwa sharti la kufunga ndoa, lakini ni lazima mahakama iridhike kwamba sharti hilo lilikuwapo. Mkopeshaji hangoji hukumu hiyo.

Sasa twende kwa sonara. Usiulize bei ya pete kwanza, uliza bei ya gramu kwa siku hiyo. Mwambie aiweke kwenye mzani ukiwa unaangalia. Kisha geuza pete usome alama iliyogongwa kwa ndani: 375 ni dhahabu ya karati 9, 585 ni karati 14, na 750 ni karati 18, yaani robo tatu yake ndiyo dhahabu, iliyobaki ni madini mengine. Risiti iandikwe uzito na karati. Halafu muulize swali moja ambalo wanunuzi wengi wanaona haya kuliuliza: nikikurudishia mwezi ujao, utainunua kwa kiasi gani? Kwa kawaida atakulipa dhahabu kwa uzito, na vile vijiwe vinavyometameta vitatolewa kwenye hesabu. Hapo utajua katika pesa yako ni kiasi gani kimekaa kwenye dhahabu na kiasi gani kimekwenda kwenye ufundi na mapambo.

Anayetaka jiwe ajue pia kwamba leo kuna almasi zinazotengenezwa maabara, ni almasi kweli, na bei yake iko chini sana ya zile za kuchimbwa. Tanzanite yetu ya Mirerani inapendeza mno, ila ni laini kuliko almasi. Kwa mkono unaosugua masufuria kila siku itaingia mikwaruzo.

Waislamu wanaijua habari ya yule bwana aliyetaka kuoa na hana kitu, Mtume akamwambia atafute hata pete ya chuma. Alipoikosa, aliozeshwa kwa sura za Kurani alizozihifadhi. Ile ilikuwa mahari, jambo zito kuliko pete ya uchumba, na bado mtu hakudaiwa asichonacho.

Binti, nawe una sehemu yako. Mwambie mapema kwamba hutaki pete ya deni. Kama shoga zako wanapimana kwa pete, usimtume mwenzio akakushindanie. Siku ya kuvishwa inaweza kubaki siri yake, lakini uwezo wa mfuko wenu uzungumzeni wawili, waziwazi.

Na wewe kijana, kabla ya kwenda kwa sonara, chukua karatasi. Andika mahari, andika kodi, andika kitanda na jiko, utenge pesa hizo kwanza. Kilichobaki mkononi ndiyo bei ya pete yako. Kikiwa laki tatu, nunua ya laki tatu. Kikiwa elfu themanini, nunua pete safi ya fedha ya elfu themanini, umvishe mbele ya wazazi wake bila kuinamisha uso.