Kujiendeshea au Kuendeshewa: Nani Atakesha na Matangazo Yako?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana baada ya tarawehe, yakaandikwa upya kwa ajili ya wasomaji wa jarida.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ama baad. Ndugu yangu msomaji, wewe kijana uliye chuoni au sekondari, nawe mzazi uliyeshika jarida hili huku wangoja adhana ya magharibi, leo naomba tuzungumze juu ya kazi ambayo huenda ukaitiwa kesho. Katika ukoo hakosekani mjomba au ami mwenye studio ndogo na nyimbo za miaka mingi. Amesikia kwamba siku hizi lebo za muziki zina matangazo yao wenyewe kwenye intaneti, usiku na mchana, hayakatiki. Na yeye ataka. Atakuita wewe kwa sababu moja tu: ati wewe wajua kompyuta. Utamjibu nini?

Najua yuko atakayeuliza, habari za muziki ndani ya mwezi mtukufu? Hukumu ya muziki iwaendee masheikh wetu, hapo si mahali pangu. Langu mimi ni amana na makubaliano, na hayo hayabadiliki, iwe lebo ni ya taarab, ya kaswida au ya midundo isiyo na maneno.

Ni kitu gani hiki?

Fikiria redio isiyofungwa. Lebo inachukua nyimbo zake mia moja au mia tano, inazipanga, inaweka picha moja mbele, kisha inazirusha YouTube moja kwa moja saa 24. Mtu wa Mombasa anafungua akisoma, mwengine wa Muscat anafungua akipika. Nyimbo za zamani ambazo hakuna tena wa kuzinunua zinapata masikio, na msikilizaji akipendezwa anatafuta zilizobaki.

Mfano maarufu ni wa Ufaransa. Mwaka 2015 kijana mmoja alifungua chaneli iliyoitwa ChilledCow, ambayo tangu 2021 inaitwa Lofi Girl. Ni yule msichana wa katuni anayeandika huku amevaa vifaa vya masikioni. Leo wana lebo yao, Lofi Records. Kule Rotterdam, Uholanzi, iko lebo ya Chillhop Music, nayo ina matangazo kama hayo. Na sisi watu wa Pwani tusijione wageni katika jambo la lebo. Wazee wetu wanaikumbuka lebo ya Mzuri ya akina Assanand wa Mombasa, iliyotoa santuri za taarab. Nyimbo tunazo. Swali ni jinsi ya kuzirusha, na njia ziko mbili: kujiendeshea mwenyewe, au kuendeshewa na kampuni unayoilipa kila mwezi.

Kujiendeshea

Watu wengi huanzia hapa kwa sababu yaonekana ni bure. Programu ya OBS Studio haina malipo, FFmpeg haina malipo, kompyuta iko, intaneti ya ofisini iko. Basi tatizo liko wapi?

Hebu tupige hesabu. Matangazo ya picha ya wastani hutuma kama megabiti 2.5 kila sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400. Zidisha, gawanya kwa nane, utapata gigabaiti 27 kwa siku, yaani 810 kwa mwezi wa siku 30. Na hiyo ni kutuma, si kupokea. Laini nyingi za intaneti zina nguvu ya kupokea kuliko ya kutuma, na ofisi nzima itaanza kulalamika kuwa mtandao ni mzito.

Halafu kuna stima. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima, na sehemu nyingi zilikaa gizani hadi kesho yake. Hata uwanja wa ndege wa Nairobi uliguswa. Kompyuta ya mjomba ingefanya nini? Kisha Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa ya kukokota Kenya, Tanzania na kwengineko. Hapo hata mwenye jenereta alikuwa na shida.

Kwa hivyo anayejiendeshea kwa akili haweki mashine ofisini. Anakodi seva katika jumba la kuhifadhia seva, mahali penye stima ya akiba na intaneti nene. Seva ndogo huanzia dola chache kwa mwezi. Nyimbo anazipandisha mara moja tu, na seva ndiyo inayozituma YouTube. Stima ikipotea Mombasa, msikilizaji wa Muscat hata hajui.

Lakini seva haikeshi kwa niaba yako. Programu inaweza kukwama, faili moja mbovu ikasimamisha foleni nzima, diski ikajaa. Katika Ramadhani hatuna wasiwasi, saa tisa za usiku sote tuko macho kwa daku, na matangazo yakizimika atakuwepo wa kuyaona. Je, Shawwal ikiingia? Nani ataamka?

Jibu la kweli ni kwamba ataamka wewe kijana. Hapa naomba wazazi na wajomba wanisikilize vizuri. Matangazo ya saa 24 yana saa 168 kwa wiki. Yakiwekwa juu ya kijana mmoja mwenye mitihani, bila mshahara, kwa maneno ya "si ni wewe tu unayejua", huko si kusaidiana. Ile njia iliyoitwa ya bure imelipwa, ila aliyelipa ni mtoto wa watu, kwa usingizi wake. Wazee walisema rahisi huvunja upishi.

Kuendeshewa

Njia ya pili ni kulipa kampuni. Wewe unawapa nyimbo na picha, wao wana seva, wao wanapanga foleni, wao wanaangalia, na yakizimika wao wanayawasha. Malipo ya mwezi yanazidi ya seva tupu, kwa sababu hapa unanunua macho ya mtu. Kwa lebo ya mtu mmoja au wawili, hayo macho mara nyingi ndiyo kitu chenye thamani zaidi.

Lakini usilipe kabla ya kuuliza. Yakizimika saa tisa za usiku, ni nani anayejua kwanza, nyinyi au mimi? Mnayarudisha kwa muda gani, na limeandikwa wapi? Nikitaka kuondoa wimbo leo, utaondoka leo au wiki ijayo? Nitapata orodha ya nyimbo zilizopigwa na saa zake? Nikiacha kulipa, faili zangu zinakwenda wapi? Kampuni inayojibu kwa maandishi, kaa nayo. Inayosema "usijali bwana", basi hapo ndipo pa kujali.

Ile orodha si kitu kidogo. Matangazo yakizidi saa 12, usitegemee YouTube ikuwekee nakala. Bila ya daftari lako mwenyewe, mwimbaji akija kuuliza wimbo wake umepigwa mara ngapi, utamjibu nini? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo ambalo hakuna njia inayolizuia

Sasa turudi kwa wale wa Ufaransa. Februari 2020 matangazo yao yalizimwa baada ya kwenda mfululizo zaidi ya saa 13,000. Julai 2022 yakazimwa tena, safari hii baada ya saa 20,843. Je, stima ilipotea? Hapana. Seva ilikufa? Hapana. Mara ya kwanza YouTube ilifunga akaunti kimakosa. Mara ya pili kuna waliowasilisha dai la uongo kwamba nyimbo ni zao. Mara zote mbili YouTube ilikiri kosa na chaneli ikarudi, lakini ule mfululizo ulikuwa ushakatika.

Na kabla ya hapo, 2017, walikuwa wameshapata pigo la haki. Picha waliyokuwa wakiitumia ilikuwa ya msichana kutoka filamu ya Studio Ghibli ya Japani, nayo haikuwa yao. Ikabidi wapate msichana wao, aliyechorwa na msanii Juan Pablo Machado.

Waona basi? Watu wanabishana juu ya seva, na seva ni jambo dogo. Kinachoweza kukuangusha kabisa ni akaunti na haki. Chaneli ikipata maonyo matatu ya haki za kunakili ndani ya siku 90, inaweza kufungwa moja kwa moja. Na mara nyengine dai linatoka kwa watu wako mwenyewe. Lebo ikiwa imempa msambazaji nyimbo zake, mitambo ya utambuzi inaweza kuzikamata zikipigwa kwenye chaneli ya lebo yenyewe. Dawa yake ni kumwandikia msambazaji mapema aitambue chaneli yako, kabla ya kuwasha chochote.

Siku kama hiyo ikifika, YouTube inazungumza na mwenye akaunti. Je, mwenye akaunti ni nani?

Wakala hamiliki

Sisi tuliopita madrasa tulisoma kwamba wakala ni mtu anayefanya kazi kwa niaba yako. Kile kitu si chake. Ukimwondoa, kitu kinabaki kwako. Na ijara ni kukodi kazi au manufaa, si kuuza mali. Masomo hayo tuliyadhania ni ya mbuzi na mashamba. Wallahi yanaingia humu barabara.

Kodi kazi, usitoe umiliki. Yapo mambo manne yasiyotoka mkononi mwa lebo, hata kampuni iwe nzuri namna gani.

Kwanza, akaunti yenyewe, pamoja na barua pepe na namba ya simu zilizoifungua. Anayerusha matangazo hahitaji neno lako la siri. Anahitaji ule ufunguo wa matangazo, mstari wa herufi ambao kazi yake ni kupeleka picha na sauti kwenye chaneli, nawe waweza kuubadilisha wakati wowote. YouTube Studio pia ina sehemu ya kumpa mtu ruhusa yenye mipaka. Ufunguo wa duka si hati ya kiwanja. Kampuni ikidai neno la siri, funga mazungumzo.

Pili, rekodi za asili. Wao wapewe nakala.

Tatu, karatasi za haki: mkataba na mwimbaji, na mtunzi, na mchoraji wa ile picha. Siku ya dai la uongo, karatasi hizo ndizo ngao yako.

Nne, mapato. Pesa ziingie kwa lebo kwanza, kisha lebo imlipe anayeendesha. Zikianza kupita kwake, wewe ndiye utakuwa mwenye kuomba.

Na anayejiendeshea asicheke, maana haya yanamhusu pia. Ni mara ngapi akaunti ya kikundi imefunguliwa kwa barua pepe ya kijana mmoja, akapata kazi Qatar akaenda zake, na hakuna tena anayeweza kuingia? Hakuiba. Hakuna aliyeandika, basi.

Uchague ipi?

Nisikuache njia panda. Kama lebo haina watu wawili wanaoweza kupokezana zamu na wanaolipwa, nenda kwa kuendeshewa, ushikilie yale manne. Kama inao, na inabadilisha nyimbo kila siku, jiendeshee kwa seva ya kukodi. Ama kompyuta ya ofisini, ifanyie majaribio tu. Kama hakuna pesa ya hili wala watu wa lile, basi usianze na saa 24. Rusha saa tatu kila usiku wa Ijumaa. Msikilizaji humsamehe anayefungua kidogo na kwa wakati kuliko anayezimika ovyo.

Vyovyote utakavyochagua, jaribu mwezi mmoja kabla ya kufunga mkataba wa mwaka, uhesabu umezimika mara ngapi na ni nani aliyewasha. Daftari hilo litakushauri kuliko mimi.

Nawe kijana, mjomba akikuita, nenda. Heshima ni lazima. Lakini kabla hujagusa kebo, mwambie kwa adabu: "Mjomba, tuandikishane." Kazi yangu ni ipi, zamu yangu ni ipi, ujira wangu ni upi, akaunti ni ya nani. Usione haya. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikishana madeni, na hiyo ilikuja kwa watu waliokuwa wakiaminiana. Kuandika hakuvunji undugu. Kinachouvunja ni ule usiku ambao kila mmoja anasema alidhani mwenzake yuko macho.

Allah azikubali saumu zetu, na atujaalie tuwe watu wa kutimiza ahadi. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.