Hitilafu za Umeme Zinazokuja na Kuondoka: Pima Kabla ya Kununua



Nitazungumzia jambo linalowagusa wengi wenu mifukoni: pikipiki inayozima ghafla barabarani, kisha ikawaka kana kwamba haikuwa na neno, taa inayofifia leo na kung'aa kesho. Kwa anayeendesha kwa mkataba, hesabu ya siku haisubiri gereji. Ndiyo maana hukubali upesi kila kifaa anachotajiwa: leo betri, kesho sidiai, keshokutwa koili. Fedha hutoka, na ugonjwa hubaki.

Ugumu wa hitilafu hii ni kwamba hujificha mbele ya fundi. Asichokiona hukikisia, na gharama ya kisio hubebwa na mteja. Tena lipo jambo linalowapotosha hata mafundi waaminifu. Ili kufunga kifaa kipya, soketi ya nyaya huchomolewa na kuchomekwa upya. Kitendo hicho peke yake huweza kukwangua kutu iliyo katika pini, na umeme ukapita vema kwa siku chache. Fundi na mteja husadiki kwamba kifaa cha zamani kilikuwa kibovu. Baadaye kutu hurudi, na hitilafu hurudi nayo. Kwa hiyo, kabla ya kukilaumu kifaa, vichunguzeni viungo vyake.

Hatua ya kwanza haina gharama: andika. Je, ilizima ikiwa baridi au imepata moto? Baada ya mvua, au baada ya kuoshwa kwa pampu? Usukani ulipokata kona, au kwenye matuta? Na ilipozima, honi na indiketa zilifanya kazi? Vyote vikikatika pamoja, shaka iende kwenye vile vinavyotegemewa na vyote: vichwa vya betri, fyuzi kuu, swichi ya ufunguo, na waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi. Ikizima injini pekee, chunguzeni swichi ya kuzimia injini, plagi na kofia yake, koili, na soketi ya sidiai.

Hatua ya pili ni macho na mikono. Ufunguo ukiwa umezimwa, kazeni vichwa vya betri na kusafisha kutu. Kisha, gia ikiwa huru, washeni injini mahali penye hewa na kutikisa fungu moja moja la nyaya, mkianzia shingoni mwa usukani. Hapo nyaya hupindwa kila kona, hata shaba ikakatika ndani ilhali ganda la nje ni zima. Injini ikishtuka, mmekaribia chanzo. Waya wa plagi usiguswe injini ikiunguruma.

Hatua ya tatu ni mita ya umeme. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.6. Injini ikiongezwa mwendo, kwa kawaida husoma kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, chaji haifiki. Ikizidi 15, rektifaya haidhibiti umeme, na betri mpya nayo itaharibika. Kisha, taa zikiwa zimewashwa, ncha moja iguse kichwa hasi cha betri na nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Kipimo kinapaswa kukaribia sifuri. Kikikaribia volti moja, ethi ni mbovu; dawa yake ni msasa na kukaza boliti, wala si kununua kipuri.

Fyuzi inayokatika mara kwa mara ni shahidi kwamba kuna waya unaogusa mahali pasipostahili. Kuweka kipande cha waya badala yake ni kumnyamazisha shahidi na kuukaribisha moto karibu na tangi la petroli.

Sasa, haki yenu. Mwombeni fundi aonyeshe kipimo kabla hamjanunua. Kubalianeni mapema: kifaa kisipokuwa chanzo, kitarudishwa? Nani atalipia kazi? Dai risiti inayotaja kifaa kwa jina, na uondoke na kile cha zamani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Lakini malalamiko yasiyo na risiti wala kifaa ni vigumu kuyathibitisha.

Nanyi mafundi, kipimo kinawalinda vilevile, kwa kuwa mteja aliyekiona kwa macho yake hana sababu ya kuwashuku.

Mwisho, msiizoee hitilafu kwa sababu huondoka yenyewe. Taa ya nyuma inayokatika usiku haimwarifu dereva wa lori kwamba mbele yake kuna abiria. Kuuliza si ujinga. Ulizeni, pimeni, ndipo mnunue.