Ni Nani Wameketi Mezani?

(Maneno yaliyosemwa kwa vikundi vya kujisaidia, Kombani)



Leo tuzungumze habari ya bodi. Wengi wakisikia "bodi ya wakurugenzi" hudhani ni mambo ya matajiri wa Nairobi. Bodi ni kamati tu, kama hizi zetu. Kazi yake kubwa ni kukata shauri pesa ziwekwe wapi.

Tutazame hapa hapa Kwale. Mwaka 2010 kampuni ya Base Resources, yenye makao mjini Perth, Australia, ilinunua mradi wa madini wa kule Msambweni. Meli ya kwanza ilipakia Likoni mwaka 2014. Mwaka 2018 kampuni hiyo ikanunua mradi mwingine, Toliara, Madagaska. Mwaka 2024 yenyewe ikanunuliwa na Energy Fuels ya Marekani, na Desemba mwaka huo uchimbaji wa Kwale ukakoma, maana mchanga wenye madini ulikuwa umekwisha.

Sisemi kuna hila. Mkurugenzi huchaguliwa na wenye hisa, na wao ndio humwuliza hesabu. Wakitaka faida, ataifuata hata ng'ambo ya bahari. Lakini swali la jirani wa mgodi, "Tutakula nini ukifungwa?", lataka mtu wa kuliuliza mle ndani.

Ujerumani wameliweka jambo hili katika sheria. Tangu 1976, katika kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 2,000, wafanyakazi hupata nusu ya viti vya bodi ya usimamizi. Na kwa Volkswagen, kujenga au kuhamisha kiwanda kwahitaji theluthi mbili ya kura. Wafanyakazi wakikataa kwa pamoja, kiwanda hakihami.

Na sisi je? Tuseme kikundi kina akiba ya shilingi 80,000. Kamati ikiwa ya wavuvi watupu, itanunua mashine ya boti. Ikiwa ya akina mama wanaochota maji mbali, itanunua tangi. Viongozi wote wakiwa wa mji mmoja, mradi utajengwa uani kwao. Hakuna aliyeiba hapo. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake.

Hili si dogo. Sheria ya Madini ya 2016 imetenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii za mahali pa mgodi. Pesa kama hizo zikifika, ni watu wachache watakaoketi kuzigawa.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa hata shilingi:

1. Andikeni majina ya kamati, mtazame ni nani hayupo.
2. Wekeni angalau mmoja asiye ndugu wala mshirika wa biashara wa viongozi.
3. Anayetaka kukiuzia kikundi kitu atoke nje wakati wa kura.
4. Ununuzi mkubwa upate theluthi mbili ya kura.

Swali la kujadili kikundini: Mradi wetu wa mwisho uliamuliwa na nani, na nani hakuulizwa?