Bibi Asenath Odaga na Vitabu vya Watoto
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka)



Kamati imeniagiza niseme kidogo juu ya maisha na kazi ya marehemu Bibi Asenath Bole Odaga, mtungaji wa vitabu vya watoto, aliyekuwa pia na duka la vitabu na kampuni ya kutoa vitabu huko Kisumu. Asili ya agizo hili ni swali aliloliuliza mzee mmoja katika mkutano uliopita, hapa hapa Skuta, tulipokuwa tukishauriana juu ya fedha za kabati la vitabu vya watoto. Aliuliza: mtoto wa Nyeri ana haja gani na hadithi za Wajaluo, na hali hadithi za Kikuyu zenyewe hazijui? Swali hilo si la kudharauliwa, wala aliyeuliza hakuuliza kwa chuki. Mwenye wajukuu watano ambao hakuna hata mmoja awezaye kumsikiliza cucu wake akisimulia hadithi ya Wakahare mpaka mwisho ana haki ya kuuliza. Nimeona njia bora ya kumjibu ni kueleza mama huyu alifanya nini, kisha wazee wapime wenyewe.

Bibi Odaga alizaliwa mwaka 1937 katika nchi ya Rarieda, pande za Siaya, karibu na ziwa. Alisoma katika shule za misheni, na mwaka 1955 akaingia Chuo cha Ualimu cha Kikuyu, akakaa huko mpaka 1956. Naomba wazee wauangalie mwaka huo. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Watu wa Kiambu, kama watu wa Nyeri, walikuwa wamehamishwa kwa nguvu wakaingizwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na hakuna aliyetoka kwenda shambani pasipo ruhusa. Msichana wa Kijaluo mwenye umri wa miaka kumi na minane, akijifunza kazi ya kufundisha watoto katikati ya nchi ya Wakikuyu siku zile, hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba Kenya ina watu wa namna nyingi.

Baada ya chuo alifundisha Ngiya, kisha Butere katika shule ya wasichana, na tangu 1961 mpaka 1963 alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya Nyakach. Halafu akaacha ualimu akaingia maofisini. Mimi ni karani, kwa hiyo sehemu hii ya maisha yake hunipendeza kuliko labda inavyowapendeza wengine. Alifanya kazi katika reli, katika bodi ya maziwa, katika huduma ya maktaba ya taifa, katika gazeti la East African Standard upande wa matangazo, hata katika kampuni ya safari za kuwinda. Mtu angeweza kudhani kwamba alikuwa hatulii mahali pamoja. Lakini tazameni alichokichukua katika kila ofisi: maktabani aliona ni vitabu gani watoto wanaviomba na ni vipi havipo, gazetini alijifunza jinsi kitu kinavyotangazwa na kuuzwa. Miaka kumi na tano baadaye alivihitaji vyote viwili.

Na katika miaka hiyo hiyo ya ofisi alikuwa akiandika, akiwa tena mke na mama wa watoto. Mwaka 1966 vilitoka vitabu viwili vyake vya kwanza, The Secret of Monkey Rock na Jande's Ambition. Mwaka 1967 kikaja The Hare's Blanket, yaani blanketi la sungura, pamoja na The Diamond Ring. Mwaka 1968 The Angry Flames. Na mwaka 1971 The Villager's Son. Kampuni ya East African Publishing House ilikuwa imeanzishwa Nairobi mwaka 1965 tu, nayo ilikuwa ikitafuta watungaji Waafrika kwa bidii. Kabla ya hapo, mtoto wa shule katika Kenya alisoma habari za theluji ya Krismasi na za watoto waliokunywa chai na shangazi yao katika bustani ya maua. Sisi tunaoishi chini ya Kirinyaga tunaijua theluji, lakini tunaiona kwa mbali, juu ya mlima, wala hatujapata kuicheza.

Watoto wa vitabu vya Bibi Odaga walikuwa na majina yetu. Jande ni msichana, naye anatazamia makuu katika maisha yake. Jambo hilo mwaka 1966 halikuwa dogo, maana katika nyumba nyingi karo ilipokuwa haitoshi aliyerudishwa nyumbani ni binti. Baadaye aliandika vitabu vya mtoto aitwaye Kip: Kip akiwa shambani, Kip akiwa pwani, Kip akiwa mjini. Jina hilo lina mlio wa Kikalenjini, si la Kijaluo. Mtungaji aliyetoka kando ya ziwa alimchagua mtoto wa jina la watu wengine, akamtembeza nchi nzima. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo habari yenyewe. Hakuandika hotuba juu ya umoja wa makabila. Alimpa mtoto jina, akampandisha gari.

Mwaka 1974 alipata shahada katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwa amepita umri wa wanafunzi wenzake wengi. Alifika huko katika wakati mwema. Mwaka 1968 walimu watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong, walikuwa wametaka mafundisho ya fasihi pale chuoni yaanze na Afrika, nayo masimulizi ya mdomo yahesabiwe kuwa fasihi kamili. Bibi Odaga aliingia katika kazi hiyo kwa moyo. Alikuwa mtafiti katika Taasisi ya Taaluma za Afrika tangu 1976 mpaka 1981, akichunguza sigana, yaani hadithi ambazo wasichana wa Kijaluo walihadithiwa usiku na bibi mzee katika nyumba iitwayo siwindhe. Mwaka 1980 alitoa kitabu Thu Tinda. Maneno hayo mawili ndiyo anayoyasema msimulizi wa Kijaluo anapoifunga hadithi yake. Mwaka 1982, pamoja na S. Kichamu Akivaga, akatoa kitabu cha fasihi simulizi kwa shule za sekondari, ambacho wengi waliosoma katika miaka ile walikibeba mkobani.

Wazee watanisamehe nikikaa kitambo katika jambo linalofuata, maana ni la biashara, nasi ni chama kinachoandika daftari la fedha.

Mwaka huo wa 1982 alianzisha Kisumu duka la vitabu, akaliita Thu Tinda, na kampuni iitwayo Lake Publishers and Enterprises. Kutoa vitabu ni biashara ya ajabu. Mpiga chapa anataka fedha yake mbele, na karatasi hununuliwa kwa bei ya siku hiyo. Vitabu vikiisha kufungwa hukaa stoo. Mwenye duka huvichukua kwa mkopo, huvilipia vikiuzwa, na visipouzwa huvirudisha vikiwa na vumbi. Wateja wenyewe huja Januari shule zinapofunguliwa, kisha mlango hukaa kimya miezi kadha wa kadha. Mwenye duka la sukari hawezi kuishi hivyo hata mwaka mmoja.

Tena miaka ile ilikuwa na ugumu wake. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, vitabu vya kiada vilitolewa zaidi na mashirika ya serikali, yaani Jomo Kenyatta Foundation na Kenya Literature Bureau; kampuni za watu binafsi zikabakiwa na vitabu vya ziada, ambavyo mzazi hununua akibakiwa na fedha. Mlango haukufunguliwa sawasawa mpaka siasa mpya ya vitabu ya mwaka 1998. Na kampuni zilizokuwa na mtaji zilikuwa Nairobi. Kuweka kampuni Kisumu ilikuwa kama mtu kufungua kinu cha kahawa mahali pasipo barabara. Hata hivyo aliiweka, akatoa vitabu kwa Kiingereza na kwa Dholuo. Mchezo wake wa kuigiza Simbi Nyaima, wa mwaka 1983, unatokana na habari ya kale ya kijiji kilichozama ziwani karibu na Kendu Bay kwa sababu watu wake walimnyima mgeni, bibi kizee, mahali pa kulala. Alitoa pia kamusi ya Kiingereza na Dholuo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 akawa mwenyekiti wa chama cha fasihi ya watoto cha Kenya. Alifariki Desemba 2014.

Sitaki mdhani kwamba kila alichoandika ni dhahabu. Baadhi ya vitabu vyake huonya sana, na mtoto mwerevu hutambua upesi kwamba mwalimu amejificha nyuma ya sungura. Tena vitabu vyake vingi ni taabu kuvipata leo katika maduka ya Nyeri. Hilo si kosa lake, ni hali ya biashara niliyoieleza.

Sasa nirudi kwa swali la mzee. Sisi wenyewe tulikuwa na mtu wa namna hiyo hapa karibu. Wazee wanamkumbuka Gakaara wa Wanjaũ, mtoto wa Tumutumu, aliyekamatwa Oktoba 1952 na kukaa kizuizini miaka mingi kwa ajili ya maandishi yake, kisha akarudi akaweka mtambo wa kupiga chapa Karatina. Alitoa vitabu vya Kikuyu mpaka uzeeni, akapata Tuzo ya Noma mwaka 1984, akafariki mwaka 2001. Gakaara alikaa Karatina kama Odaga alivyokaa Kisumu. Kila mmoja aliona kwamba lugha ya mama yake ikikosa vitabu itakuwa ya wazee peke yao, na kila mmoja alitia fedha yake mwenyewe. Kwa hiyo mzee akisema kwanza mtoto ajue hadithi za kwao, anasema neno ambalo Bibi Odaga angelikubali mara moja. Aliyafanya hayo hayo kwa watu wake.

Lakini hakuishia hapo, nami naomba tusiishie hapo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika nchi hii. Wakikuyu walifukuzwa Kisumu na Eldoret. Wajaluo walifukuzwa Naivasha na Nakuru. Wako katika mkutano huu waliowapokea ndugu zao waliofika na mfuko mmoja. Sisemi kwamba kitabu cha sungura kingeliweza kuzuia panga. Huo ungekuwa upuuzi. Ninachosema ni kwamba watoto wetu hulijua jina la Mjaluo kwa utani na matusi ya siasa kabla hawajalijua kwa njia nyingine yoyote, na bila shaka watoto wa Kisumu hulijua jina letu vivyo hivyo. Na ukimsimulia mtoto wa Skuta habari ya bibi kizee aliyenyimwa malazi, hataulizia kabila la bibi huyo. Ataulizia kama wale watu walizama wote. Mimi nimejaribu kwa watoto wa jirani, na swali la kwanza lilikuwa hilo hilo.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kamati yaleta ombi hili. Fedha zilizotengwa kwa kabati zigawanywe mara mbili. Nusu inunue vitabu vya Kikuyu, vikiwamo vya Njamba Nene alivyoviandika Ngũgĩ kwa watoto, na vya Gakaara kila vitakapopatikana. Nusu ya pili inunue vya Kiswahili na Kiingereza vitokavyo kwa watu wengine wa Kenya, vya Bibi Odaga vikiwa mbele. Na kwa kuwa vitabu havisimulii vyenyewe, tunaomba akina cucu wawili au watatu wajitolee kukaa na watoto Jumamosi alasiri, wasimulie kwa Kikuyu, kabla kabati halijafunguliwa. Chai itatolewa na chama. Bibi Mweka Hazina amekwisha kukubali, mradi sukari iandikwe daftarini.

Walio tayari wanipe majina yao kabla ya kutoka. Nitakuwa mezani pale karibu na mlango.