Fimbo ya Tisa
Somo juu ya malipizi



Katika somo lililopita tulisema juu ya maungamo: jinsi ya kutafuta dhambi rohoni, kuzijutia, na kuzitaja mbele ya padri. Lilibaki neno moja ambalo wakristu wengi hulipita upesi, nalo ni malipizi. Kabla ya kutuondolea dhambi, padri hutupa sala za kusali. Twazisali palepale, twainuka, twakwenda zetu kama mtu aliyekwisha kulipa kodi. Lakini mbuzi wa jirani tuliyemwiba, je, amerudi zizini mwake? Na jina la mwanamke yule tulilolichafua kisimani, nani amelisafisha?

Leo tutakiweka kitabu cha katekismu kando kidogo, tuwasimulie habari ya babu yetu, mzazi wa baba yetu. Yeye mwenyewe alitusimulia, tena mara nyingi, akatuagiza tusiifiche. Kwa hiyo hatumsengenyi marehemu.

Babu yetu alizaliwa upande wa Moba, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1917. Huko huko na mwaka uleule Stefano Kaoze alipadrishwa, padri wa kwanza mzalendo katika Kongo ya Wabelgiji, na mzee alipenda sana kututajia jambo hilo, kana kwamba na yeye alikuwa na sehemu ndani yake. Alibatizwa mtoto mchanga, akasoma miaka michache katika shule ya misioni, na mwaka 1936 akaandikwa askari wa Force Publique. Muda wa kazi hiyo ulikuwa miaka saba. Kwa kuwa alijua kusoma na kuhesabu, alipewa cheo cha kaporali upesi.

Mwaka 1938 alikuwa katika kituo kimoja cha serikali huko Maniema, si mbali na reli ipitayo Kibombo. Siku zile wanakijiji walilazimishwa kulima pamba, kila mtu na shamba lake lililopimwa. Asiyetimiza alifungwa, au alilazwa chini mbele ya watu akapigwa fimbo, yaani mjeledi wa ngozi ya kiboko. (Adhabu hiyo ilifutwa mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru.) Siku moja akaletwa mtu mwenye umri wa kumzaa babu, ambaye shamba lake lilikuwa limemezwa na majani. Mkubwa wa kituo akaamuru apigwe fimbo nane. Kupiga ilikuwa kazi ya babu.

Kabla ya kulala chini, mtu yule alimtazama, akasema kwa sauti: "Mtoto, mama yako ajua kazi unayoifanya?" Watu wakacheka. Babu akapiga nane, akizihesabu kwa sauti kama ilivyokuwa desturi. Kisha akapiga moja tena, wala hakuihesabu. Mkubwa alikuwa amekwisha kugeuka, akiwasha tumbako yake.

"Nane zilikuwa za serikali," babu alituambia. "Itaulizwa, na mimi nitaulizwa pamoja nayo, kwa kuwa mkono ulikuwa wangu. Lakini ya tisa hakuna aliyeniamuru."

Vita vikaja. Mwaka 1941 alipelekwa Uhabeshi, nchi iitwayo leo Ethiopia, kupigana na Waitalia. Alifika Asosa, akafika Gambela, akakaa katika mvua na njaa chini ya mlima wa Saio. Huko magonjwa yaliwaua askari na wapagazi wetu wengi kuliko risasi. Rafiki yake wa kijiji kimoja alizikwa huko. Tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera wa Waitalia alisalimu amri pale Saio. Babu alipewa medali. Sisi wajukuu tuliichezea mpaka ikapotea, naye hakutukemea.

Baadaye wakapelekwa Nigeria, kisha Misri na Palestina. Basi babu yetu, mtoto wa wavuvi wa Moba, aliingia Yeruzalemu, akapiga magoti penye Kaburi Takatifu. Tulipokuwa wadogo tulimsihi atueleze taa zake na mawe yake. Yeye alisema kwamba hakuona sana. Alianza kusali Baba Yetu, na alipofika penye neno la kusamehe ulimi ukakataa, kwani alisikia tena mlio wa ile fimbo. Yezu alifundisha kwamba mtu akikumbuka mbele ya altare kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake, aende kwanza kupatana naye. Babu alikuwa amelisikia fundisho hilo tangu utoto. Siku hiyo lilimshika shati.

Akamwendea padri wa askari, akaungama. Padri akamwuliza: "Mtu huyo yu hai?" Akajibu: "Sijui, Padri." "Basi, utakwenda kujua."

Mwaka 1945 akaachiliwa. Kutoka Stanleyville alishuka kwa gari la moshi mpaka Ponthierville, kwa meli mpaka Kindu, na kutoka Kindu gari la moshi lingemfikisha Albertville, karibu na kwao. Nyumbani palikuwa na msichana aliyekwisha kutolewa mahari tangu kabla ya vita. Mfukoni alikuwa na fedha za kuachiliwa, na katika mzigo wake vitambaa vya arusi. Pale Kibombo akateremka.

Alimkuta mzee yule shambani, akipalilia pamba. Akapiga magoti udongoni, akasema yeye ni nani, akamwekea mbele fedha na vitambaa. Mzee hakuvigusa. Alisema: "Mgongo wangu hauuzwi." Akaendelea kupalilia. Baada ya kitambo kirefu akasema tena: "Jembe jingine liko pale mtini."

Babu akalishika. Alilala kwa mwalimu wa dini wa kijiji, na kila asubuhi alikwenda kulima, mpaka pamba ikachumwa, karibu miezi minne. Mzee hakumtukana, wala hakusema neno juu ya jambo lile. Siku ya mwisho mke wa mzee akapika ugali wa muhogo na samaki. Mzee akanawa mikono, akamega tonge, akampa babu yetu mkononi. "Na mimi nilikuwa nikihesabu," akasema. "Ile ya tisa imekwisha. Zile nane, wenyewe hawajafika. Kula."

Neno hilo juu ya zile nane babu alilichukua mpaka kufa. Hakudai kwamba alisamehewa zaidi ya alivyosamehewa.

Alifunga ndoa misioni mwaka 1946. Bibi yetu hakuacha kumtania: "Wenzangu walingoja vita viishe. Mimi nilingoja vita viishe, halafu nikangoja pamba iishe." Alifanya kazi ya kupakia mizigo bandarini Albertville, kisha akarudi kijijini kuvua ndagala na kufyatua matofali ya misioni. Walizaa watoto saba. Hakumpiga hata mmoja. Bibi ndiye aliyeshika ufito, na tuseme kweli, aliushika kwa wawili.

Babu alifariki mwaka 1994, amepewa Sakramenti. Kila tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea wafu, alikuwa akitaja majina mawili baada ya majina ya wazazi wake: la rafiki aliyezikwa Saio, na la mzee wa Maniema. Hapa hatulitaji, kwa kuwa wajukuu wake wako hai. Nyumbani kwetu lingali likitajwa, na la babu hulifuata.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaanza somo juu ya Mpako Mtakatifu wa wagonjwa. Tumsifu Yezu Kristu.